Uzito wa Abiria wa Nyuma

Watu wa Garland, hapa Texas, huweka gari ndani ya gereji. Sisi ndani tumeweka pikipiki ya theluji, na gari linalala nje likipigwa jua. Mashine imekaa pale kati ya friza na magunia ya unga wa muhogo, imefunikwa leso yangu ya zamani, na kila fundi anayefunguliwa mlango ule husimama kuitazama kidogo kabla ya kukumbuka kilichomleta. Binti yetu, anayesoma chuo hapo Richardson, huwaambia marafiki zake kwa Kiingereza kwamba wazazi wake wana shida. Hafafanui ni shida ipi.

Theluji yenyewe huku ni mgeni wa siku moja. Inaanguka, shule zinafungwa, watu wanapiga picha, inayeyuka. Mashine ile tulihama nayo kutoka kaskazini, karibu na mpaka wa Kanada, ambako mume wangu alipelekwa alipofika Marekani kama mkimbizi kutoka Goma. Wenzake wa kiwanda cha nyama ndio waliomfundisha kuiendesha, na akaipenda jinsi wengine wanavyopenda mpira. Mimi nilikuja kivyangu, Mkenya wa Kinangop mwenye cheti cha uuguzi, tukakutana kanisani huko huko kwenye baridi. Tulipohamia Texas kwa ajili ya kazi yangu tuliacha makochi, tukaacha kitanda cha wageni, lakini mashine ilipata nafasi kwenye lori. Nilinuna njia nzima mpaka Oklahoma.

Nimeishi nayo miaka mingi na bado naishangaa. Haina hata gurudumu moja la kukanyaga chini. Mbele ina skii mbili zilizochongoka kama ncha za viatu vya sultani, nyuma ina mkanda mpana wa mpira wenye meno, ambao ndio unaoisukuma. Usukani ni wa pikipiki. Kiti ni kirefu, cha watu wawili, na kila mwaka wakati wa baridi tulichukua likizo ya wiki moja, tukaikokota hadi milima ya Colorado, ambako kuna njia za theluji zinazopita katikati ya msitu wa misonobari. Mume wangu aliendesha. Kazi yangu nyuma ilikuwa kushika na kuomba.

Kisha macho yake yakaanza kuharibika. Ni presha ya macho, ugonjwa ambao mimi kama muuguzi naujua vizuri na kama mke sikutaka kuujua. Haubishi hodi. Unaanza kula pembeni, polepole, na mtu anajiona mzima mpaka siku anapogonga mlango ambao umekuwepo pale siku zote. Aliacha kuendesha forklift kwenye bohari, wakampa kazi ya kupakia akiwa amekaa. Baadaye akanikabidhi ufunguo wa gari. Daktari alituambia kwamba dawa ya matone inalinda kilichobaki, ila kilichokwisha kwenda hakirudi.

Nilidhani ataomba twende Goma. Aliomba twende kwenye ule msitu. Alitaka kuutazama mara nyingine akiwa bado na macho ya kuutazamia, na alilisema jambo hilo mara moja tu, akimenya ndizi, kisha akaendelea kumenya. Nikamwambia nitaendesha mimi.

Baridi ya mwaka juzi tukaenda. Mimi mbele, yeye nyuma. Tuliondoka vizuri, njia imenyooka, theluji imepigwa pasi na mashine za walinzi wa njia, na nikaanza kujiona dereva. Ikaja kona ya kwanza, ya kushoto, kona ambayo hata bibi yangu angeikata kwa mkokoteni. Nikageuza usukani. Mashine ikaenda moja kwa moja, ikatoka njiani, ikajizika kwenye theluji laini mpaka usukanini. Hatukuumia. Tulichimbuka na kuanza kujipangusa, na mume wangu akatema theluji, akasema:

"Ni weye, Mama. Ulichelewa kukata virage."

"Sikuchelewa."

"Ulichelewa. Minajua ile virage."

"Mzee, mimi naingia highway ya Dallas kila asubuhi na malori pande zote. Usiniambie mambo ya kona."

Tulijaribu tena, na kona ya pili ikatufanyia vile vile. Tulirudi kwa mwendo wa kobe hadi tulipoegesha, na kabla hatujafika Texas alikuwa ameshaamua. "Tuiuzishe," alisema. "Mimi siwezi tena, na weye huwezi. Imeisha."

Nilikasirika, sitaficha. Lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine kilichoniwasha zaidi. Kwenye ile kona niliangalia chini, nikaziona skii kwa macho yangu. Zilikuwa zimegeuka. Zilikuwa zimepinda kushoto kabisa, kama nilivyoziamuru, na mashine ikaendelea mbele kana kwamba hazimo. Inawezekanaje? Gari ukiligeuza magurudumu linafuata. Hiki kitu kilikuwa kimegeuka na hakikugeuka, na mimi nikiwekewa swali la namna hiyo silali vizuri.

Basi nikaanza kuuliza. Saa ya chakula kazini, wenzangu wakitazama mapishi na harusi kwenye simu zao, mimi nilikuwa natazama wanaume wenye ndevu wakilala chini ya mashine za theluji na kuelekeza tochi. Nusu ya maneno yao sikuyaelewa. Nikarudia tena na tena mpaka jambo moja likakaa kichwani. Mashine hii haigeuzwi na usukani. Inageuzwa na uzito. Chini ya kila skii kuna chuma chembamba ambacho kazi yake ni kuuma theluji, na hakiumi kama hakijakandamizwa. Mbele kukiwa kwepesi, skii zinateleza juu juu, unaweza kuzipinda utakavyo. Na mbele kunakuwa kwepesi pale ambapo nyuma kumekaa sana.

Nyuma. Miaka yote aliyeendesha alikuwa mume wangu, mtu wa kifua na mabega, na mimi nyuma mwepesi kama furushi la nguo. Springi zilikuwa zimepangwa kwa ajili yetu hivyo. Sasa tumebadilishana viti na hakuna aliyeiambia mashine.

Nilikimbia kumweleza. Alikuwa sebuleni anasikiliza habari za kwao kwenye redio ya simu. Nilipofika pale pa mbele kuwa kwepesi akaizima redio, na kwa mara ya kwanza tangu Colorado nikamwona amechangamka.

"Eh! Sawa chukudu," akasema.

Chukudu ni ile baiskeli ya mbao ya Goma isiyo na pedali, inayobebeshwa magunia. Ujanani aliteremka nayo kutoka mashambani na viazi, goti moja juu ya ubao, mguu mwingine ukisukuma. Akanieleza kwamba mjinga hulundika mzigo wote nyuma, kwa sababu ni rahisi kupakia, na akifika kwenye mteremko gurudumu la mbele linacheza hewani na chukudu inakwenda inakotaka yenyewe. Mwenye akili huvuta gunia zito mbele, karibu na usukani, halafu ndipo anafunga kamba. Alinionyesha kwa mikono, akasogeza mito ya kochi. Tulicheka. Kisha akasimamisha mikono.

"Donc mimi njo muzigo," akasema, yaani basi mzigo ni yeye.

Mimi bado nilikuwa nacheka. Yeye alikuwa amemaliza.

Hata hivyo alinipa nafasi. Tuipeleke kwa mdogo wake aliyeko Stafford, upande wa Houston, ambaye hutengeneza pikipiki. Mdogo wake akisema inaweza kukata kona na watu wawili tulivyo sasa, tutakwenda mara moja zaidi. Akisema haiwezi, inauzwa kabla ya Krismasi, na nisimletee tena habari za wanaume wenye ndevu. Nikakubali. Nilijua vizuri kilichowekwa mezani. Macho yake hayakuwa na majira mengi ya baridi mbele.

Tuliondoka mwezi wa tisa, joto la kukaanga yai juu ya boneti, mashine imefungwa kwenye trela nyuma yetu. Kila tulipopitwa na gari niliona simu zinatoka madirishani. Kwenye kituo cha mafuta mzee mmoja mwenye kofia pana aliizunguka mashine polepole, akaniuliza kwa adabu sana kama nina habari za hali ya hewa ambazo yeye hajazipata. Nikamwambia ajiandae. Mume wangu alicheka mpaka Houston.

Shemeji yangu hajawahi kuikanyaga theluji. Alikaa Goma, akakaa kambini, akaletwa Houston, basi. Lakini springi ni springi, alisema, na pikipiki zote ni binamu. Tuliishusha kwenye kibanda chake cha kuegeshea gari, bati juu ya nguzo nne za chuma, akalala chini yake kwenye kipande cha katoni. Nilimsikia akiguna kwa furaha. Ndani ya ule mkanda wa mpira kuna springi mbili nene kwa nyuma, zinazobeba waliokaa. Kuna moja ndogo mbele yake. Na kuna ukanda mfupi wa nailoni unaozuia sehemu hiyo ya mbele isishuke kupita kiasi. Aliuliza kila kimoja kazi yake, nami nikajibu nilivyosomeshwa na simu. Ukanda ukifupishwa, uzito unahamia kwenye skii. Springi za nyuma zikikazwa, nyuma hakuzami.

"Mbele ya kukaza, tupime," alisema, akimaanisha kabla. "Tuone inashuka namna gani."

Kupima ni kazi rahisi. Unapima kimo cha nyuma mashine ikiwa tupu, kisha waliozoea kuipanda wanaipanda, unapima tena. Ikizama sana, springi ni laini. Isipozama, springi ni ngumu au waliopanda ni malaika. Nikapanda mbele na gauni langu jepesi, mume wangu akapanda nyuma na kaptura na ndala. Shemeji akainama na futi yake.

"Shemeji, hii masini iko muzuri," akasema. "Inashuka kidogo tu."

"Si unaona?" akadakia mume wangu nyuma yangu. "Si masini. Ni dereva."

Nilishuka nimechoka ghafla. Nikaketi kwenye ndoo iliyofudikizwa nikanywa maji, na nikiwa nakunywa nikamtazama mume wangu aliyesimama pale na miguu yake myembamba ndani ya ndala. Nikaanza kucheka peke yangu. Tumekuja kupima safari ya theluji tukiwa tumevaa nguo za Texas. Kule juu kuna buti, kuna suruali mbili na koti linalosimama lenyewe, kuna kofia ngumu, kuna mkoba wa chakula na chupa ya chai. Hakuna Mmarekani wa kaskazini angefanya kosa hilo, maana yeye hupima akiwa amevaa tayari, nje kunaganda.

Mavazi yalikuwa kwenye gari, kwa sababu mimi husafiri na kila kitu. Tukavaa. Stafford, mwezi wa tisa, kwenye kibanda cha bati, tukavaa kila kitu mpaka glovu. Jirani aliyekuwa anamwagilia nyasi akasahau mpira wa maji, ukamwagilia barabara. Jasho lilinitiririka mpaka kwenye soksi. Tukapanda, shemeji akapima, akajikuna kichwa.

"Imeongeza kidole moja. Bado iko muzuri."

Hapo ndipo nilipoacha kucheka. Mume wangu ni mzito. Namjua uzito wake, nimelala kitanda kimoja naye miaka ishirini, na kila akigeuka mimi huteremka upande wake. Mtu huyo yuko nyuma yangu na koti la manyoya, na kiti hakijashtuka. Nikasikiliza kwa mgongo. Wodini tunafundishwa kumhamisha mgonjwa kutoka kitandani hadi kwenye kiti, na jambo la kwanza unalojifunza ni kuhisi kama mgonjwa amekupa uzito wake au ameuficha. Anayeogopa hakupi. Anakuambia nimekaa, na kumbe amening'inia.

Nikageuka. Kofia ilinizuia, nikaivua, nikageuka tena. Mume wangu alikuwa ameshika nguzo ya kibanda kwa mkono wa kulia. Alikuwa ameikamata mpaka glovu imekunjamana, makalio yanagusa kiti kwa adabu tu, na nusu ya mwili wake ilikuwa imebebwa na ile nguzo.

"Mzee, hujakaa."

"Nimekaa."

"Umeshika nguzo."

"Ni kidogo tu."

"Iachie basi."

Hakuiachia. Shemeji alisimama na futi mkononi, akatazama kando, kwa heshima. Mimi nilianza kupandisha sauti. Nilimwambia tumeendesha gari kutoka Garland, tumeiva ndani ya makoti haya kama mihogo, na yeye anatia nguzo kwenye vipimo. Nikamuuliza kama anataka twende au anataka tu kunithibitishia kwamba sijui kuendesha. Nilisema mengine pia.

Aliniacha nimalize.

"Nikiachia hii chuma," akasema, "sijui chini iko wapi."

Nikamwambia sijaelewa. Kusema kweli nilikuwa nimeelewa.

"Nikikuangalia weye, minakuona. Muzuri kabisa. Lakini kando hakuna kitu. Chini hakuna kitu. Ni sawa mtu anaangalia mu tiyo." Tiyo kwao ni bomba. Aliinua mkono wa kushoto, akakunja vidole vikawa tundu, akauweka mbele ya jicho. "Hii tiyo inaendelea kuwa ndogo."

"Uliniambia haijabadilika."

"Nilikuambia vile sababu ulikuwa na furaha ya masini."

Niliogopa. Hasira ilitoka yote na woga ukaingia mahali pake, nikasikia baridi ndani ya lile koti. Niliyekuwa nimemweka nyuma yangu kule Colorado alikuwa mtu asiyeona ardhi, akisukumwa kwa kasi kati ya miti na mtu ambaye hajawahi kuendesha, na hakusema. Nikajiuliza kule alikuwa ameshika nini. Nikakumbuka, maana mgongo haukusahau. Kwenye kona alisimama juu ya vikanyagio na kujivuta nyuma, amekamata vile vyuma viwili vya abiria, mikono imenyooka, mbali nami kadiri kiti kilivyomruhusu. Uzito wake wote ulikuwa mkiani. Springi zilikuwa laini, ndiyo, lakini na yeye alikuwa anaivuta mashine nyuma kwa nguvu zake zote, kama mtu anayevuta mbuzi.

Nikamshika goti. Sikuwa na maneno makubwa. Nilimwambia, "Nisikize. Mimi ndiyo chini yako. Ukitaka kujua chini iko wapi, nishike mimi. Usishike chuma."

Shemeji akamwambia kaka yake taratibu, "Grand, achia. Niko hapa."

Akaiachia nguzo. Alinikumbatia kiunoni kwa mikono yote miwili, kidevu cha kofia yake kikagonga mgongo wangu, na uzito wake ukaja. Ulikuja wote. Kiti kikapiga kelele, mashine ikaketi nyuma kama ng'ombe, na mbele yangu nikaziona ncha za skii zikiinuka. Shemeji hakuhitaji futi. Alichukua kipande chake cha katoni akakipitisha chini ya skii ya kushoto, kikatokea upande wa pili bila kuguswa.

"Ah bon," akasema. "Sasa minaelewa."

Kazi iliyobaki ilichukua alasiri. Tulivua makoti na kurudia ubinadamu. Shemeji alikaza springi za nyuma kwa spana ndefu, akalegeza ile ndogo ya mbele, tukapanda, tukapima, tukashuka, akakaza tena. Ukanda wa nailoni mume wangu aliufupisha mwenyewe. Boliti yake iko mahali pa kiza, hata mwenye macho mazuri huipapasa, na vidole vyake viliifikia kabla shemeji hajamaliza kumwelekeza. Vile vyuma vya chini ya skii vilikuwa vimesagika vikawa mviringo, tukaweka vipya. Mwisho tulipanda na makoti, yeye amekaa kwelikweli, na katoni haikupita.

Njiani kurudi nilimuuliza kama ana hofu. Akasema ndiyo. Nikamwambia hata mimi. Hatukuongeza.

Tulirudi Colorado mwezi wa kwanza. Asubuhi ilikuwa nyeupe, baridi inauma pua kwa ndani. Nilipasha mashine moto muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Alipopanda nilisubiri. Kiti kikazama, mikono ikanizunguka, nikahisi kifua chake chote mgongoni.

"Umekaa?"

"Nimekaa."

Kona ya kwanza ilikuwa ile ile. Niliijia polepole, nikapunguza moto kabla yake, nikageuza, na usukani ukanikatalia mikononi. Safari hii skii ziliuma kupita kiasi. Mashine iligeuka, ila kwa vurugu, ikinivuta mabega kama mtoto anayetaka kushuka, na ilipotoka kwenye kona ikaanza kuyumba huku na huku. Nilisimama pembeni ya njia. Hatukuanguka, lakini kwa mwendo ule nisingefika mbali.

"Ile kamba," mume wangu alisema. "Tuliifupisha sana. Mbele inalemewa sasa."

Alishuka akiniegemea, akapiga magoti kwenye theluji, akavua glovu. Aliipapasa boliti ndani ya ule mkanda, nikampa spana, akairudisha ile nailoni tundu moja. Vidole vyake vilikuwa vyekundu alipotoka. Nilivipuliza. Nilitaka kujua kama tundu moja tu linaweza kubadilisha kitu, na hapo hofu yangu ilinipungukia, kwa sababu nilikuwa na hamu ya kujua kuliko nilivyokuwa na hamu ya kuogopa.

Kona ya pili ni ya kulia na inateremka. Nilipunguza moto, nikalala kulia kidogo, nikageuza, na kabla sijamaliza kugeuza nikahisi kifua chake kikilala kulia pamoja nami. Hakuiona kona. Aliusikia mwili wangu ukienda, akaufuata. Skii zikauma, mkanda ukasukuma, na kile kitu kizito chenye watu wawili kikaizunguka kona kwa utaratibu, kikatutoa upande wa pili tukiwa katikati ya njia. Nilipiga kelele. Nilipiga kelele kama msichana, ndani ya kofia, mpaka kioo kikaingia ukungu. Yeye alinipigapiga tumboni kwa kiganja, mara nyingi.

Tulikata kona nyingine, na nyingine. Mahali njia inapopanuka, miti ikiwa pande zote, imebeba theluji mpaka matawi yameinama, alinigonga bega. Nikazima. Kimya kilikuja chote mara moja.

Alivua kofia. Nilidhani atazungusha kichwa autazame msitu wote, kama tulivyofanya zamani, dakika mbili za kusema ni muzuri kisha chai. Hakufanya hivyo. Aliutazama mti mmoja. Aliuanzia chini, kwenye theluji, akapanda nao polepole, tawi kwa tawi, kidevu kikiinuka, mpaka kileleni. Akakaa hapo. Kisha akahamisha uso kidogo tu, akauanza mti wa pili kutoka chini.

Nikaelewa kwamba ndani ya lile bomba lake mlikuwa mnaenea mti mmoja kwa wakati. Nililia, na machozi yakaniuma kwa baridi, na sikuyafuta ili asijue. Nilimimina chai nikamwekea mkononi. Ilipoa bila kunywewa.

Sijui tulikaa muda gani. Mashine za watu wengine zilitupita, wakatupungia, nikawapungia kwa niaba ya wawili. Alipoimaliza miti ya upande ule alivaa kofia, akapanda nyuma yangu, akakaa, mashine ikazama pale inapotakiwa kuzama.

"Washa, Mama," akasema. "Kuko mingine nyuma ya virage."